Jumamosi Hii

Mlio ulikuwa mdogo, sss, kama birika linalofikiria kuchemka,
kila nilipokanyaga breki.
Kisha pedeli ikagoma. Unakanyaga ukuta.
Pikapu ya baba, Ford ya mwaka tisini na nne,
kijani pale ambapo kutu haijafika,
ikapita alama ya kusimama mjini Negaunee,
ikaenda kutulia mbele ya posta.
Bibi mmoja mwenye bahasha akanitazama
kana kwamba amemwona marehemu.

Huku Michigan ya juu, Novemba haibishi hodi.
Hita ya gereji inapasha kiwiko kimoja tu.
Nina soketi, nina tochi, nina Kaisa, binti wa dada yangu,
miaka kumi na mitatu, viganja vyembamba
vinavyopita pale ambapo vyangu vinakwama.

Tulianza juu. Mpira wa upepo ulivunjika kama biskuti.
Masta silinda, nati mbili: ivute mbele kidogo,
mabomba yake usiyafungue, usiyapinde.
Kisha nikalala chali, kichwa chini ya usukani,
miguu nje, theluji ikiingia kwenye soksi.
Pini ya pedeli. Nati nne.
Tatu zilitoka kwa matusi ya kawaida.
Ya nne ilidai matusi ya Kifini,
yale ambayo baba hakuyavusha kizingiti cha jikoni.
Kaisa akayarudia, lafudhi safi.
Nikajifanya kiziwi.

Buster ikatoka: sufuria nyeusi ya bati, imefunikwa isifunuliwe.
Kaisa akataka kuona ndani. Tukaifumua kwa tindo.
Kiwambo cha mpira kilikuwa na mpasuko wa urefu wa kidole,
na kingo za mpasuko zilikuwa laini,
zimelambwa na miaka.
Hili si la mwaka huu, nikasema.
Si la mwaka jana.

Aliyekwenda kutafuta kitambaa ni Kaisa.
Aliyerudi na boksi ni Kaisa,
kalivuta nyuma ya makopo ya rangi, rafu ya chini.
Buster mpya. Nailoni haijakatwa.
Risiti ya miaka sita iliyopita, mwezi wa nne,
na juu ya boksi, kwa penseli yake ya seremala:
*Jumamosi hii, goti likikubali.*

Miaka sita.
Nasi tulisema uzee umempunguza mwendo.
Shemeji alimwigiza mezani, akishika usukani wa hewa,
tukacheka, naye alicheka.
Kumbe alianza kukanyaga kanisani
ili asimame posta.
Kumbe lile goti, ile nyonga, ile fimbo aliyoichukia,
vilikuwa vikisukuma tani mbili za chuma, peke yake,
na yeye kajikaza kisabuni.

Kazi ya chombo hiki ni moja:
mguu unanong'ona, chenyewe kinapaza sauti.
Hakigeuzi neno. Hakimwaibishi mtu.
Nilikaa maili kumi na moja kutoka hapa.
Angepiga simu, ningekuja.
Nadhani ningekuja.

Tulipima fimbo ya kusukumia, tukaipunguza uzi mmoja.
Gasketi. Nati nne, ya nne tena mwisho.
Injini ikiwa imezimwa, Kaisa akapiga pedeli mpaka ikawa jiwe,
akaikanyagia hapohapo, akawasha.
Ikashuka.
Taratibu, chini ya kiatu chake,
kama bega la mtu aliyekubali kubebewa mzigo.
"Imekufa?" akauliza.
Hapana, nikasema. Imepumua.

Jioni nikaipeleka barabarani.
Mguu wangu ulikwisha zoea ubishi wa zamani:
kwenye alama ya kusimama nikakanyaga kwa nguvu zote za ukoo wetu,
na pikapu ikaganda papo hapo, hatua tano kabla ya mstari.
Kutoka chini ya kiti ikabingirika chupa ya chai ya baba,
ikanigonga kisigino.
Ndani yake kitu kidogo kikacheza, tuk, tuk.
Nyuma yangu mtu akapiga honi.