Nusu Saa kwa Mia Tano

Aikaruwa alinikalisha mbele ya kioo,
akaniwekea mkono juu ya kipanya:
"Usikikabe, mama, hakikimbii."
Nje, mnara wa saa wa Moshi. Ndani, saa nyingine,
ndogo, pembeni, inakula mia tano yangu.

Kwanza anwani. Jina langu, Ndeshimuni,
halafu ile a iliyojikunja kama konokono,
halafu nyumba ya watu nisiowajua
watakaonitunzia barua bure. Bure? Nikaguna.
Kisha neno la siri. Nikataja jina la ng'ombe wangu
kwa sauti; duka zima likacheka.
Nikabadili. Hili jipya siliandiki hapa.

"Sasa tafuta chochote."
Chochote ni kikubwa mno. Nikaandika Kilimanjaro,
kwa kidole kimoja, kama kuku adonoavyo mtama.
Mlima ukateremka mstari kwa mstari:
anga, theluji, shingo,
ukakwama kifuani, dakika zikiyoyoma.
Nikageukia dirishani. Ule wa bure nao
umejifunika mawingu.

Zilipobaki tatu nikamwandikia dada, Songea:
Kahawa imechanua. Paa bado linavuja. Nijibu.
Nikabofya.
"Imekwenda," akasema Aikaruwa.
Imekwenda na nani? Hakuna stempu,
hakuna kondakta wa kumdai.

Kesho yake, mazoea, nikapita posta,
nikafungua sanduku letu. Tupu,
ila buibui kwenye kona
anafuma mtandao wake,
na hakuna anayemhesabia dakika.