Saa ya Kutoka

Oskari, vua glavu, kaa hapa. Usiguse kitu bado.
Nje ni nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri,
humu ndani tunalipa umeme kuondoa joto.
Ukishazoea hilo, mengine utayaelewa.

Hapa palikuwa na mashine ya karatasi namba tatu.
Inama uone boliti zake sakafuni, zimekatwa kama visiki.
Sasa kuna makabati meusi, na seva ndani yake,
na kila seva ni mwenyeji,
na wageni wake ni mashine pepe:
hazina chuma, hazina skrubu,
ila kila moja inaapa kwamba nyumba yote ni yake.

Katikati yupo msimamizi. Humwoni.
Anampa mgeni kipande cha sekunde,
anamnyang'anya, anampa mwenzake,
upesi kiasi kwamba hakuna anayejua amesubiri.
Shangazi yangu aliyelea watoto tisa kwa sufuria moja
angeifanya kazi hii bila mafunzo.

Andika, basi.
Akiba: kumbukumbu aliyofungiwa mtu; hata akilala haiguswi.
Hospitali ina akiba. Zimamoto wana akiba.
Kikomo: dari. Mwenye tamaa huligonga kwa kichwa.
Hisa... hisa ni neno la siku ya njaa.
Sahani zikijaa halina maana;
zikipungua ndipo unajua nani mtoto wa nyumba
na nani wa kupita.

Na ndiyo, tunaahidi kuliko tulicho nacho.
Ghala lina magunia mia, tumegawa hati za mia na sitini
tukiamini hawatakuja wote siku moja.
Benki hufanya hivyohivyo, wakiwa wamevaa tai.

Usiku huu, saa nane na dakika kumi, wamekuja wote.
Pampu ya maji baridi imekohoa, ikanyamaza.
Tazama skrini: puto linafura ndani ya wageni,
linawabana waachilie kurasa wasizozisoma.
Tazama wanavyohama wakiwa macho:
huyu wa maktaba ananakiliwa huku anafanya kazi,
kisha kope moja, funga, fungua, yuko kabati jingine
na msomaji wake anayekesha hajakatizwa sentensi.
Huku kwetu wageni wakizidi, mwenyeji ndiye huugua.

Bado zinapungua gigabaiti nne.
Hospitali ya Hirvivaara haiwezi kuwashwa upya
mpaka akiba yake itimie.
"Kuna moja haina mwenyewe," unasema.
"Hisa za chini kabisa, matumizi karibu sifuri. Niizime?"

Subiri.

Naijua hiyo. Ilitolewa kwenye kompyuta ya lango la kiwanda;
chuma kikatupwa, roho ikabaki.
Ni saa ya wafanyakazi. Fungua daftari lake, mstari wa mwisho:
KEMPPAINEN ARMAS. KUINGIA: kumi na mbili kasoro dakika mbili.
KUTOKA:
kisha kishale kinachopepesa.

Baba. Siku walipotangaza kufunga
alibana kopo la chakula kwapani, akapita lango bila kupiga kadi.
Miaka kumi na saba inamhesabia zamu moja.
Mara tatu nimeulizwa juu yake, mara tatu nikajibu
bado inatumika.

Sogea. Niachie kibodi.
Naandika saa. Naandika dakika. Nabonyeza.
Picha ya papo? Hapana, usihifadhi. Izime tu.

Gigabaiti nne zinarudi bwawani
na kule Hirvivaara mstari wa mapigo ya mtu nisiyemjua
unajichora tena.

Asubuhi nitampigia. Atakuwa kwenye kahawa ya tatu,
redio juu, soksi za sufu miguuni.
Nitamwambia: Baba, zamu yako imekwisha.
Namjua. Atanyamaza kidogo, kisha ataniuliza
saa za ziada atalipwa na nani.