Gunia Saba Zimekwenda Machi

Somoe Chilumba alileta gunia saba za korosho
hapa ghalani Tandahimba,
saa mbili asubuhi, tarehe tatu Novemba.
Niliandika mwenyewe. Mizani ni shahidi.

Leo naiuliza kanzidata iliyoko Dodoma,
mnara kwa mnara, huku mtandao ukichechemea:
mama huyu anadai nini?
Jibu linarudi jeupe.

Nachokonoa. Tatu, mkwaju, kumi na moja:
kule wameisoma kichwa chini miguu juu,
kumi na moja Machi!
Machi, mikorosho haina hata ua,
ghala hili linalaza popo.
Na saa mbili yangu imekuwa ya usiku mnene,
saa ambayo hata Nampota, mlinzi wetu, anaota.

Mashine haijui kwamba kwetu
siku huanza jua likichomoza.
Yenyewe huhesabu tangu gizani.

Naandika swali upya:
mwaka kwanza, mwezi, ndipo siku;
saa naiongeza sita.
Kisha naiambia, haya si maandishi tu,
hii ni tarehe, ipokee kama tarehe.

Zinarudi. Gunia saba, kilo mia tano sitini na moja.

"Zilikuwa zimekwenda wapi?"
Machi, namjibu.
Somoe anacheka mpaka anakalia mizani,
sindano inaruka.
Halafu ananyamaza, anafunga upya kanga.
"Mngeziacha huko huko, mwanangu.
Machi ndiyo nilikuwa na njaa."