Safu ya Saba

Sinema ya Kutaisi, safu ya saba.
Kwenye skrini bibi anamwosha mumewe miguu.
Zhuzhuna analia; Jemali amesinzia,
mdomo wazi, kofia pajani,
mkono ndani ya mfuko wa koti la mkewe
asije akapotea.

Nje, theluji. "Iliishaje?"
Miaka hamsini na mmoja hajamdanganya
ila bei ya viatu, na barua moja.
"Walirudi nyumbani."
"Basi?"
"Basi. Ngazi zilikuwa nyingi."

Zao ni sitini na nne.
Mlangoni Zhuzhuna anapiga magoti, yanalia kama bawaba,
amfungue kamba za viatu zilizoganda.
Jemali anautazama utosi wake, mvi na matone,
ananong'ona:
"Hapa nilikuwa macho."