Ukuta Ndani ya Ngege

Ngege huyu alivuliwa Dunga, Jumanne, kabla ya saa moja.
Apondi akanipigia simu:
"Njoo umwone, ana punje za njano nyamani kama mahindi.
Wateja wanasema nimemtia dawa."
Nikaenda na ndoo, na barafu ya shilingi hamsini.

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na makasi,
kisu kidogo, na fomalini inayochoma macho.
Zile punje ni za jamaa aliyepitia kwa konokono;
niliziweka kando, kwenye kisahani.
Kisha nikafungua mfuko wa moyo
na pale, amejikunja kama uzi uliosahauliwa mfukoni mwa shati,
mnyoo.
Moyo ulikuwa umekwisha kusimama.
Yeye bado alikuwa akijinyoosha.

Siku tatu baadaye, kipande kilichogandishwa ndani ya nta
nilikikata mikroni tano,
wembamba ambao mbele yake
ngozi ya kitunguu ni gunia.
Hematoksilini, halafu eosini.
Zambarau, halafu waridi.
Nikainamisha jicho.

Kwenye ripoti nitaandika "mwitikio wa tishu",
maana ndivyo tulivyofundishwa.
Lakini nilichokiona ni mtaa uliosikia yowe usiku:
wa kwanza kutoka ni wale wasiouliza swali,
chembechembe mkononi, wanarusha tu, wanakufa papo hapo.
Nyuma yao wanakuja walaji wakubwa, taratibu,
wanamkuta mwizi amewazidi mdomo.
Hawarudi nyumbani.
Wanasimama bega kwa bega, wanasongamana
hadi hujui huyu anaishia wapi, yule anaanzia wapi.
Halafu wafuma nyuzi, tabaka juu ya tabaka,
kama mama anayekandika nyumba kabla ya mvua,
na pembeni seli nyeusi zilizojaa masizi,
zilizobeba mabaki ya ugomvi ambao hakuna aliyeuandika.

Nilihesabu tabaka.
Kumi na moja upande huu, tisa upande ule.
Nikarudia, zikawa kumi na moja, na nane.
Ni mwili unaosema: kukuua nimeshindwa,
lakini mlango huu hutaupita.
Naye ndani hana haraka.
Hamtaki ngege, ngege kwake ni benchi la kungojea.
Anamngoja mnandi,
yule aliyesimama juu ya nguzo karibu na magugu maji,
mbawa wazi kama koti lililoanikwa.

Mwaka jana Baba alipigwa picha ya kifua
pale hospitali ambayo bado tunaiita Rasha.
Fundo jeupe, dogo kuliko punje ya mtama, juu kulia.
Daktari akasema, "Kovu la zamani, Mzee. Limelala."
Baba, aliyekohoa mwaka mzima nikiwa bado mgongoni mwa Mama,
akauliza, "Limelala, au limefungiwa?"
Daktari akacheka.
Mimi sikucheka.

Nilimwambia Apondi akate penye njano, atupe,
akaange hadi mafuta yanyamaze.
Hapa hatuli samaki mbichi;
mnyoo akifika kwenye karai lako, amepotea njia.
Akaifuta mizani yake kwa kanga, akauliza,
"Na yeye samaki, aliumwa?"
Nilitaka kumwambia kuhusu tabaka,
kuhusu wale walioshikana mabega.
Nikasema, "Sijui, dada. Alikuwa anaogelea."

Jioni hiyo ngege wawili kutoka ndoo nyingine
waliletwa mezani na ugali wa wimbi.
Baba alianza na kichwa, kama kawaida yake,
akafyonza jicho, akatema mfupa kiganjani.
Kifua chake kilipanda, kikashuka.
Kilipanda.
"Mbona unanitazama hivyo, Adongo?"
"Hakuna, Baba. Kula.
Huyu ameungua kidogo mkiani."