Bilauri ya Sita

Hapa Halifax mvua hainyeshi, inahamia.
Juzi mto ulipanda hadi kizingiti cha duka la chipsi,
ukashuka ukiwa umebeba shamba la mtu.

Kazi yangu ni kuyatuliza maji.
Zamu ya usiku: bilauri sita mezani,
makasia sita madogo chini ya mota moja,
na shabu kwenye ndoo ya bluu
yenye picha ya mkono unaobabuka.

Leo bilauri ya sita haikuonja shabu.
Nimeitilia mlonge,
mbegu zilizotoka Kondoa ndani ya soksi,
soksi imeshonwa mdomo kwa uzi mwekundu
na Mama Mdogo Sikujua.

Nimezimenya mabawa, nikazitwanga.
Maureen, mkuu wa zamu, akanusa kinu:
figili?
Nikamwambia, ngoja.

Makasia yakaenda mbio, yakalegea, yakasimama.
Kwanza hola.
Kisha chembe ikaitafuta chembe,
kama watu msibani wanavyosogeleana
bila kuitwa,
wakawa kundi, kundi likawa zito,
zito likashuka.
Juu yake nikaiona saa ya ukutani,
imepinda kidogo, lakini namba zinasomeka.

Maureen akapima. Shabu: sifuri nukta nane.
Mlonge: tatu.
"Si haba," akasema,
na kwake yeye hiyo ni ngoma na vigelegele.

Siku ya tatu bilauri ikanuka.
Mbegu ni chakula, na chakula hakikosi walaji.
Akaandika kwa kalamu nyekundu:
haufai kwa mabomba ya mji,
maji hulala njiani siku nne.
Sikubisha. Pua ninayo.

Nikampigia Mama Mdogo, nikamweleza kwa upole,
kama anayerudisha sahani ikiwa na ufa.
Akacheka hadi simu ikakwaruza.
"Nani kakwambia maji ya mlonge hulazwa?
Asubuhi unatuliza, unachuja, unachemsha,
jioni mtungi mkavu.
Wewe ulikuwa unamwekea nani?"

Nikatazama dirishani. Bomba la mji mzima
limelala chini ya lami, limejaa,
linamsubiri mtu ambaye bado hajaona kiu.

Fomu ina safu ya mwisho: chanzo cha taarifa.
Nikaandika, Sikujua.
Maureen akainama, akaniuliza taratibu
kama nahitaji kupumzika.
Nikamwambia hapana,
hilo ni jina la mtaalamu.