Kidonge Ndani ya Ndara

Jumatatu walitufungia chumba kimoja, Dundee,
sisi wa famasia, wauguzi, madaktari watarajiwa,
msichana wa tiba ya usemi mwenye soksi zisizofanana,
na mdoli wa plastiki anayekohoa kwa umeme.
"Mwokoeni," mwalimu akasema, akabonyeza saa.

Tukamwokoa, kila mtu kivyake.
Mimi nilihesabu dozi chini kwa chini.
Fergus akausikiliza moyo usiokuwapo.
Oonagh, yule wa soksi, akauliza: anaitwa nani?
Hakujibiwa. Mdoli akafa saa nne na dakika kumi,
nasi tukaenda kunywa chai, kila kada na meza yake.

Mama husema kidole kimoja hakivunji chawa.
Hakusema vidole vikiwa kumi
na kila kimoja kina shahada,
nani atamshika chawa.

Alhamisi tulipandishwa wodini, ghorofa ya sita,
dirisha linautazama mto Tay
na upepo unagonga kioo kama mdai.
Kitanda cha tatu: Bi Effie Lindores,
miaka themanini na moja, kiharusi cha wiki mbili,
ujana wake wote aliushona kwenye magunia ya juti.
Shinikizo la damu limegoma kushuka.

Daktari akasema: tuongeze dozi.
Nikafungua daftari. Hesabu ilikubali.
Hesabu hukubali chochote, haina macho.
Muuguzi akasema: mkaidi huyu, anafumba mdomo.
Fizio akasema: anaegemea kushoto mchana kutwa.
Tuliyasema hayo yote tumesimama miguuni pake
kama watu wanaopatana bei ya kabati.

"Samahani."
Sauti ya mtu aliyezoea kutojibiwa.
Danuta, wa ndoo na tambara, alikuwa ameinama uvunguni.
"Ndara yake. Nimevikuta humu jana. Na juzi pia."
Akakunjua karatasi laini kiganjani:
vidonge saba, vimelowa, vimevimba, vimepauka,
vidonge vyangu,
nilivyovihesabu.

Kwanza hatukutazamana.
Kisha Oonagh akapiga magoti, akamwomba bibi ameze mate,
vidole viwili vikisikiliza kooni:
koo lilichelewa kupanda, kama lifti ya zamani.
"Si mkaidi. Anaogopa kupaliwa."
Fizio alikwisha kwenda kuleta mito.
Muuguzi akashika shavu, akakumbuka uji wa asubuhi,
kikohozi baada ya kila kijiko;
alikuwa amekiandika, mwenyewe, kwa mkono wake,
kwenye ukurasa ambao madaktari hawaufungui.
Na daktari akaketi. Hilo nalikumbuka kuliko yote,
aliketi ukingoni mwa kitanda, magoti yakalia,
akanigeukia: "Ipo ya maji?"
Nikasema ipo. "Iwe nzito," Oonagh akadakia, "nzito kama asali."
Nikasema hilo nalo linawezekana,
na sauti ilinitoka kama ya mtu wa pili.

Bi Effie alitupitia mmoja mmoja kwa jicho,
mdomo umelala upande,
akasema neno lake la kwanza tangu tuingie:
"Hatimaye."
Fergus anashikilia kwamba alikuwa anakohoa tu.
Tunabishana mpaka leo.

Jioni nikajaza fomu ya mafunzo.
Waliohudhuria: jina, kada, sahihi.
Mistari sita, na sita ilijaa.
Nikaigeuza karatasi ubavu, nikaandika pembeni:
Danuta, usafi, ndiye aliyeona.
Imerudi leo na wino mwekundu wa mwalimu:
Danuta nani?

Sijui.
Siku tisa tumekuwa tukiruka maji ya ndoo yake
na sijui.
Kesho nitawahi, kabla sakafu haijakauka.